Gego Lililotangulia: Uchambuzi wa Vifaa vya Kulirejesha Nyuma

Mwaka 2009 Matilda Mtaya na wenzake walitangaza, katika jarida la Ulaya la elimu ya upangaji wa meno, matokeo ya kuwapima vinywa watoto 1,601 wa shule za msingi za Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, wenye umri wa miaka 12 hadi 14. Wilaya hizo mbili siku zile zilikuwa zingali kubwa, moja ikiwa imeshika Ubungo na Kimara, na ya pili ikivuka maji hadi Kigamboni, kabla hazijakatwa vipande kuwa wilaya mbali mbali. Katika watoto hao, asilimia 63.8 walionekana kuwa na kasoro moja au zaidi ya mpangilio wa meno. Lakini tukiiuliza hesabu hiyo swali mahususi la magego, yaani kama gego la kwanza la juu limekutana na mwenzake wa chini mahali panapostahili, jibu linapungua sana, kwa kuwa asilimia 93.6 magego yao yalikutana sawasawa, asilimia 4.4 tu gego la juu lilikuwa limetangulia mbele, na asilimia 2.0 lilikuwa limebaki nyuma.

Asilimia nne ni kidogo kwa masikio, lakini katika mji wenye watoto wengi kama Dar es Salaam ni maelfu ya watoto, na mzazi wa mmoja wao akibahatika kufika kwa bingwa wa kupanga meno hukabiliwa na orodha ya vifaa ambavyo kila mtengenezaji huvisifu kwa milimita: hiki hurudisha gego tatu, kile tano, hiki kwa miezi minne, kile kwa sita. Muradi wa makala haya ni kuvilinganisha vifaa hivyo kwa mizani nyingine. Nadhani maswali mawili yanatosha kuvihukumu vyote: nguvu inayolirudisha gego nyuma, marejeo yake, yaani msukumo wake wa kinyume, yanaangukia wapi, na mgonjwa asiporudi kliniki kwa miezi mitatu, kifaa kilichobaki kinywani mwake kitafanya nini.

Kwanza yafaa tujue gego hilo likae wapi. Mmarekani Edward Angle, mwaka 1899, alilifanya gego la kwanza la utu uzima, lile liotalo mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, kuwa alama ya kupimia kinywa kizima. Daktari humwambia mtoto aume, akalivuta shavu kando kwa kioo chake, akatazama ncha ya mbele ya gego la juu kwa upande wa shavuni: ikiwa imetua katika mfuo ulio ubavuni mwa gego la chini, mambo ni shwari, ikiwa imeuruka mfuo ule na kutua mbele yake, basi gego la juu limetangulia. Tofauti hiyo yaweza kuwa milimita mbili au tatu tu, nayo huonekana kwa macho matupu pale pale kitini.

Illa sababu za kutangulia si moja, na hapa ndipo makosa mengi ya kuchagua kifaa yanapoanzia. Kuna mtoto ambaye meno yake ya juu yamekaa vizuri kabisa, ila taya lake la chini ni fupi. Huyo kumrudishia magego ya juu ni kuliadhibu taya lisilo na hatia. Kuna mwingine ambaye meno yote ya mbele, ya juu na ya chini, yamechomoza, umbo ambalo si geni katika nyuso za Kiafrika na ambalo kwa wengi ni jamala wala si ila. Huyu akitaka kuyarudisha, aghalabu nafasi ya milimita chache haimtoshi, na bingwa humshauri kung'oa magego madogo. Na kuna wa tatu, ambaye ndiye hasa anayestahili kurudishiwa gego: aliyekuwa na nafasi kamili, akaipoteza.

Huyu wa tatu anafahamika vyema katika vitongoji vyetu. Tiba iliyozoeleka ya jino lililooza, katika zahanati na hospitali nyingi za Tanzania, ni koleo. Mtoto wa miaka saba ameumwa gego la utoto usiku kucha, mama amempeleka asubuhi hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, jino limeng'olewa, maumivu yamekwisha, na wote wawili wamerudi nyumbani kwa faraja. Lakini gego lile la utoto lilikuwa ukuta. Maadamu halipo, gego la utu uzima lililo nyuma yake huanza kusogea mbele, likijizungusha na kuinama, hata likaila nafasi ya jino ambalo lilikuwa bado halijaota. Miaka minne baadaye chonge au gego dogo hutokea juu ya ufizi kwa kukosa mahali pa kushukia, na mzazi husema kwamba mtoto ana meno mengi kupita kiasi, ilhali meno ni yale yale na kilichopungua ni nafasi. Wala si ajabu kwamba uchunguzi ule wa Kinondoni na Temeke uliona uhusiano baina ya meno kuoza na baadhi ya kasoro za mpangilio.

Tukija kwenye vifaa vyenyewe, hapana budi tutangulize kanuni moja ambayo hakuna fundi awezaye kuikwepa: kila msukumo una marejeo yake. Mvuvi wa Msasani asukumapo ngalawa kwa upondo, ukikita penye mwamba chombo huenda, ukikita penye tope upondo huzama na chombo hubaki kikisitasita, na nguvu za mvuvi ni zile zile. Vifaa vyote vya kurudisha magego hutofautiana kwa jambo hili kabla ya jingine lolote, kwamba vimekita wapi.

Kifaa cha kale zaidi hukita nje ya kinywa. Ni upinde wa waya ambao ncha zake za ndani huingizwa katika vijibomba vilivyounganishwa na pete za chuma zilizovishwa magego mawili ya juu, na ncha zake za nje hutokeza mashavuni na kufungwa kwa mkanda upitao shingoni au utosini. Asili yake ni ya karne ya 19. Ukaachwa, ukafufuliwa, na mwaka 1947 Mmarekani Silas Kloehn akaupa sura ambayo imeigwa miaka mingi. Nguvu yake kwa kila upande ni ya gramu 300 hadi 500 hivi, na sharti uvaliwe saa 12 hadi 14 kila siku, jambo ambalo kwa mtoto wa shule maana yake ni jioni yote na usiku kucha. Sifa yake kubwa ni kwamba marejeo yote ya nguvu huangukia shingo au fuvu, na meno ya mbele hayaguswi. Mkanda wa shingoni hulivuta gego nyuma na pia chini kidogo. Wa utosini hulivuta nyuma na juu. Na bingwa huchagua kwa kuutazama uso wa mtoto.

Nakisi yake ni kwamba hutegemea utiifu wa mtoto, nao ni kitu kisichopimika kwa rula. Madaktari wamebuni tadbiri ya kuugundua ukweli: hawamuulizi mtoto kama anauvaa, bali humpa upinde na kumwambia auvae mbele yao. Auvaaye kila usiku huziingiza ncha katika vijibomba bila kioo, kama afungaye vifungo vya shati. Asiyeuvaa hupapasa, hukosa, hutazama juu kutafuta msaada. Tena hutazamwa mkanda: ukiwa mweupe na safi kama siku ulipotolewa, hukumu imekwisha kupita. Na katika nyumba ambamo watoto watatu hulala kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja, upinde wa chuma usoni una hatari yake, kwani imepata kutokea katika nchi nyingine ncha kuchomoka kinywani na kudhuru jicho. Ndiyo maana mikanda ya siku hizi hutengenezwa iachie yenyewe inapovutwa kwa nguvu, na mkanda usio na kinga hiyo haufai kupewa mtoto yeyote.

Pamoja na hayo yote, swali letu la pili upinde unalijibu vizuri. Mtoto akipotea kliniki miezi mitatu, upinde umelala kabatini na haudhuru kitu. Kazi imesimama, haikuharibika.

Kwa kuwa utiifu ni adimu duniani kote, wala si Mbagala peke yake, mabingwa walianza tangu miaka ya 1980 kutafuta vifaa visivyomwachia mtoto khiari, vilivyogandishwa ndani ya kinywa na kufanya kazi mchana na usiku. Zilijaribiwa sumaku zinazosukumana, zikajaribiwa springi za aloi ya nikeli na titani, kisha mwaka 1992 James Hilgers wa Marekani akakieleza kifaa alichokiita Pendulum, ambacho kimekuwa mashuhuri kuliko ndugu zake. Kwa wanaotaka kukiona kwa macho ya moyo: ni kidonge bapa cha plastiki ngumu, chenye ukubwa wa sarafu, kilichokalia kaakaa nyuma ya meno ya mbele na kushikwa na nyaya zilizogandishwa kwenye magego madogo, kutoka ukingo wake wa nyuma hutokeza springi mbili za waya wa unene wa milimita 0.8, ambazo zikiwa huru huelekea kooni, na daktari huzikunja kuja mbele na kuzitia katika vijibomba vya magego, ili zikijaribu kurudi zilikotoka ziyachukue na magego pamoja nazo.

Na kweli huyachukua. Joydeep Ghosh na Ram Nanda, katika kipimo chao cha mwaka 1996 kwa wagonjwa 41, waliona magego yamerudi kwa wastani wa milimita 3.37. Lakini kidonge kile kimekita juu ya ufizi laini na meno machache, ambayo ni tope wala si mwamba. Katika wagonjwa wale wale magego madogo yalisogea mbele kwa milimita 2.55, yaani robo tatu ya kila milimita iliyopatikana nyuma ililipwa mbele. Tena gego lenyewe halikurudi likiwa wima, kwani lililala nyuma kwa nyuzi 8.36, kichwa chake kikitangulia na mizizi ikichelewa, na gego lililolala hutamani kusimama tena kwa kurudi mbele. Mtoto ambaye meno yake ya mbele tayari yamechomoza, akitiwa kifaa hiki bila hadhari, atatoka na nafasi nyuma na aibu mbele.

Ndugu za Pendulum hutofautiana nayo kwa tafsili zaidi kuliko kwa asili. Jones Jig, cha mwaka huo huo wa 1992, hulisukuma gego kwa springi ya upande wa shavuni. Distal Jet, waliyoieleza Waitaliano Aldo Carano na Mauro Testa mwaka 1996, hupitisha nguvu juu zaidi, karibu na kiini cha mizizi, kwa hiyo gego hulala kidogo kuliko kwa Pendulum. Carriere, kilichobuniwa na Mhispania Luis Carrière, huunganisha chonge na gego kwa kipande kimoja cha chuma, kisha huvutwa nyuma kwa mpira uliofungwa kwenye gego la chini. Hapo marejeo yamehamishiwa meno ya taya la chini, na utiifu nao umerudi mlangoni, kwani mpira huvaliwa na mtoto mwenyewe na hubadilishwa kila siku.

Swali la pili linavihukumu vifaa hivi vilivyogandishwa kwa ukali kuliko la kwanza. Springi haijui kwamba nauli imekosekana. Mgonjwa wa Chamazi au Bunju aliyeruka miadi miwili hurudi akiwa na gego lililopinda kuelekea ndani, meno ya mbele yaliyosogea, na kidonge kilichozama katika ufizi wa kaakaa uliovimba kwa mabaki ya chakula. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mtoto asiye mtiifu kinadai, kumbe, mzazi mtiifu sana.

Mwamba wenyewe ulipatikana katika mfupa. Mjapani Ryuzo Kanomi alieleza mwaka 1997 matumizi ya skrubu ndogo za titani kama egemeo la kusogezea meno, na tangu hapo Pendulum na wenziwe wamevishwa miguu mipya. Skrubu yenye kipenyo cha milimita mbili hivi hutiwa kwa ganzi ya kawaida katika sehemu ya mbele ya kaakaa, kando ya mstari wa kati, mahali ambapo mfupa ni mgumu na hapana mzizi wa jino wa kujeruhiwa. Mbili zikikaa pamoja hubeba chuma cha kutelezea, na springi husukuma gego huku meno ya mbele yakikaa yalipo. Aghalabu hata magego madogo hufuata nyuma yenyewe, yakivutwa na nyuzi za ufizi.

Vipimo vinaunga mkono hoja hii. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumlisha tafiti mbali mbali uliona vifaa vilivyoegemea meno vikirudisha magego kwa wastani wa milimita 3.34, na vilivyoegemea mfupa milimita 5.10. Mwaka huo huo jopo la Cochrane, lililokusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 354, lilikata shauri kwamba vifaa vya ndani ya kinywa huyarudisha magego zaidi kuliko upinde wa nje, lakini faida hiyo hupunguzwa na kusogea mbele kwa meno ya mbele, hasara ambayo upinde hauna. Kwa maneno mengine, sayansi iliwapa ushindi wote wawili kila mmoja kwa upande wake, na skrubu ndiyo iliyojaribu kuzikusanya sifa zao mahali pamoja.

Hata hivyo skrubu si muujiza. Majumlisho ya tafiti yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba asilimia 13.5 ya skrubu za aina hii hulegea kabla ya kazi kwisha, ingawa za kaakaa huwa imara kuliko za ubavuni. Zinahitaji picha nzuri za eksirei, vyombo vilivyotakaswa barabara, na mkono uliofundishwa. Navyo vyote vitatu hupatikana kwa urahisi zaidi Upanga kuliko Tandika. Skrubu ikitelekezwa, springi yake huendelea kusukuma hata ikaisha nguvu, lakini walau meno ya mbele hayalipi deni lisilo lao.

Vya mwisho ni vifuniko angavu vya plastiki, vilivyoletwa sokoni na kampuni ya Marekani ya Align iliyoanzishwa mwaka 1997. Hivi hurudisha magego milimita mbili au tatu, moja baada ya jingine, lakini sharti vivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku na mara nyingi vishirikiane na mipira. Uzuri wake kwa mkaaji wa mbali ni kwamba hupewa vifuniko vya wiki nyingi kwa pamoja na safari za kliniki hupungua. Ubaya wake ni bei, ambayo kwa familia nyingi za Temeke inayafunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Mambo mawili ya kwetu yanazidi kuipa mizani hii uzito. La kwanza ni kwamba katika wale watoto 1,601, asilimia 16.1 walikuwa na uwazi mbele, yaani wakiuma kwa magego meno ya mbele hayagusani. Gego likirudishwa nyuma likiwa limelala, ncha zake hutokeza na kuwa kabari ifunguayo kinywa. Ghosh na Nanda waliona urefu wa sehemu ya chini ya uso umeongezeka kwa milimita 2.79. Kwa hiyo mtoto mwenye uwazi huo asipewe Pendulum ya kawaida wala mkanda wa shingoni. Kinachofaa kufikiriwa ni mkanda wa utosini au egemeo la mfupa. La pili ni wakati. Gego la kwanza hurudi kwa wepesi kabla gego la pili halijaota nyuma yake, jambo ambalo vitabu huliweka kwenye umri wa miaka 12. Lakini meno ya utu uzima ya watoto wa Kiafrika huota mapema kuliko ya Wazungu, hivyo mlango unafungwa mapema zaidi kwetu, na mtoto anayeletwa darasa la saba amekwisha kuchelewa kwa kazi rahisi.

Ikiwa basi nitaombwa hukumu, nitaipanga hivi. Mtoto wa miaka tisa au kumi aliyepoteza nafasi kwa kung'olewa jino la utoto, mwenye mzazi wa kumsimamia nyumbani, upinde wenye kinga ya macho bado ni kifaa cha heshima: ni rahisi, hautozi meno ya mbele, na haufanyi fujo ukiachwa. Kijana mwenye magego ya pili yaliyokwisha kuota, anayehitaji milimita nne au tano, apewe egemeo la mfupa ikiwa kuna bingwa na ikiwa safari za kliniki zimehakikishwa. Vifaa vilivyogandishwa kwenye meno peke yake viwekwe kwa wagonjwa wachache: wasio na meno yaliyochomoza, wasio na uwazi mbele, na wanaokaa karibu kiasi cha kutokosa miadi. Vifuniko ni vya mwenye mali na nidhamu pamoja.

Lakini hukumu iliyo kubwa kuliko hizo inaangukia pale mwanzo, penye koleo. Mwaka ule ule wa 1947 ambao Kloehn alikuwa akieneza upinde wake, Hays Nance alieleza namna ya kulinda nafasi kinywani kabla haijapotea, na kidonge kiitwacho kwa jina lake ndicho kile kile kilichokuja kubeba springi za Pendulum. Pete moja yenye kitanzi cha waya, ikigandishwa katika juma lile lile gego la utoto lilipong'olewa, hufanya bila msukumo wowote kazi ambayo baadaye itadai springi, skrubu na mwaka mzima wa nauli. Kujaza jino kabla halijafika kwenye koleo ni nafuu zaidi ya hapo. Katika nchi yenye mabingwa wa kupanga meno wachache namna hii, karibu wote wakiwa mijini, senti ya umma inayopelekwa kwenye kiti cha zahanati ya Mbagala kwa ajili ya magego ya utoto itayaweka magego mengi zaidi mahali pake kuliko kifaa chochote kilichotajwa katika makala haya.